Kila Mtu na Kufuli Lake

Asubuhi katika nyumba ile zilisikika sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani. Mama alikuwa mshonaji, na alikaa kwenye kiti chake kabla chai haijachemka. Sauti ya pili ilikuwa ya binti yake wa pekee, akibishana. Alibishana na redio. Alibishana na kalenda. Alipokuwa na miaka minne alibishana na daktari wa meno, hadi daktari mwenyewe akaomba maji ya kunywa. Ndiyo maana nyumbani na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mbishi.

Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa mlinzi wa ghala la vifaa vya shule. Kila asubuhi alipiga pasi shati lake, akachana nywele, akatumbukiza mkono wa kulia mfukoni, akaondoka. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vilikatika kwenye kiwanda cha biskuti, miaka minane iliyopita. Baba hakusimulia ilivyokuwa. Mtu akimuuliza alijibu, "Uzembe wangu," kisha akahamishia mazungumzo kwenye mvua au mpira.

Mbishi aliijua barua ya ajali ile. Mama alikuwa ameificha chini ya vitambaa, lakini katika nyumba ya vyumba viwili hakuna siri inayokaa miaka minane. Barua ilitoka kiwandani. Iliandikwa kwa mashine: "Chanzo cha ajali: uzembe wa mfanyakazi." Chini yake palikuwa na sahihi ya Baba, imepinda kama waya, kwa sababu aliiandika kwa mkono wa kushoto.

Mbishi alikuwa kidato cha pili mwaka ule. Siku moja mwalimu wa fizikia aliingia darasani akisukuma toroli lenye masanduku matatu. Akasema chuo cha ufundi kimeziazima shule saba, kila moja kiwanda kizima, na kiwanda hicho kimo ndani ya masanduku haya.

Darasa likacheka. Mwalimu akafungua. Mlikuwa na mkanda mwembamba wa kupitisha chupa, kompyuta, vitufe vya rangi, na swichi kubwa ya umeme. Kilikuwa kiwanda cha kuigiza cha kujaza maji kwenye chupa. Kompyuta ilionyesha matangi, pampu na joto la maji. Ilihesabu chupa nzuri na chupa mbovu. Iliweza hata kuleta hitilafu bila kuomba ruhusa. Kila shule ingetoa timu ya watu wanne. Timu ingeendesha zamu moja ya nusu saa, na shule saba zingeshindana.

Mvulana mmoja wa nyuma akasema kiwanda ni kwa waliofeli. Mwalimu hakumkasirikia. Alinyanyua chupa ya maji iliyokuwa mezani. Alieleza kuwa chupa hiyo imepita kwa mkaguzi anayejua kemia, kwa fundi umeme, kwa mwendesha mtambo, kwa mpangaji wa zamu, na kwa watu wengine wengi. Wanafunzi wanamjua dereva wa lori peke yake, alisema, kwa sababu ndiye wanayemwona barabarani.

"Mtachagua mkondo wa masomo mwezi huu," alisema. "Mtu hachagui kazi ambayo hajawahi kuiona. Ndiyo maana nimewaletea muione."

Mbishi alinyoosha mkono kabla ya wote.

Timu ilikuwa ya watu wanne waliozoeana. Kiranja wa darasa, ambaye wote walimwita Kepteni, alikuwa msimamizi wa zamu. Mvulana wa miwani minene, Miwani, aliendesha mtambo. Msichana mkimya aliyeitwa Mpole alikagua ubora wa maji na chupa. Mbishi alikuwa fundi wa matengenezo. Kitu kikiharibika, ni kazi yake.

Ndani ya sanduku la tatu mlikuwa na makufuli manne madogo, kila moja na rangi yake na ufunguo wake. Kwenye swichi kuu palikuwa na kipande cha chuma chenye matundu sita. Kijitabu kilieleza: kabla ya kutia mkono ndani ya mtambo, zima umeme, kisha kila mtu apachike kufuli lake kwenye tundu. Kufuli hata moja likiwapo, swichi haigeuki.

Wanne hao walisoma, wakaona ni kuchelewesha kazi. Wao walikuwa na mazoea yao. Shuleni kwao kabati moja lilitumiwa na wanafunzi wanne. Kabati moja, kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo hukaa kwa yule anayeaminika zaidi. Wanne hao walitumia kabati moja tangu kidato cha kwanza, na haukupotea hata wembe. Ufunguo ulikaa kwa Kepteni. Kwa hiyo walichukua kufuli moja, wakamkabidhi Kepteni, na yale matatu wakayarudisha sandukuni.

"Sisi ni kitu kimoja," Kepteni alisema. "Makufuli manne ni ya watu wasioaminiana."

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri kwa dakika nane. Dakika ya tisa kifuniko kikanasa kwenye mkanda. Miwani alizima. Kepteni alipachika kufuli. Mbishi alifungua dirisha la plastiki la mtambo, akakitoa kifuniko, akafunga. Akasema amemaliza. Kepteni alitoa kufuli, akageuza swichi.

Hakumwona Mpole. Mpole alikuwa upande wa pili. Alikuwa amefungua dirisha dogo ili apanguse maji yaliyomwagika. Mkono wake ulikuwa ndani hadi kiwiko.

Mkanda ule ulikuwa mwepesi, usingeweza kumuumiza hata nzi. Lakini kompyuta ilihisi mkono. Skrini yote ikawa nyekundu, na maneno yakatokea: "Mfanyakazi ameumia. Zamu imekwisha."

Kepteni alicheka. Miwani alicheka. Mpole mwenyewe alicheka, akautikisa mkono wake kuonyesha upo. Mbishi hakucheka. Chini ya maneno yale makubwa palikuwa na maandishi madogo, naye alikuwa akiyasoma. "Chanzo: umeme uliwashwa kabla ya wote kutoka. Aliyekuwa ndani hakuwa na kufuli lake."

Aliyasoma mara tatu. Alitafuta neno uzembe. Halikuwapo.

Alasiri ile hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa jirani waliyemwita Mama Mitambo. Mama huyu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kweli cha maji ya chupa, mwendo wa robo saa kutoka mtaani. Alianza pale kama mfagiaji. Alifagia huku akitazama mafundi wanavyofanya, akajisajili masomo ya jioni, akarudi na cheti. Sasa wanaume wazima walimngoja yeye mtambo ukigoma. Mbishi alimkuta akifua ovaroli uani.

Mbishi alimweleza yote, pamoja na kabati na ufunguo wa Kepteni. Mama Mitambo alikamua ovaroli, akaianika, ndipo akajibu.

"Mwanangu, kufuli halisemi kwamba simwamini mwenzangu. Linasema niko ndani. Basi. Kepteni wenu ni mtu mzuri, sawa. Lakini ana macho mawili, na mtambo una pande nne."

"Kwa hiyo hata rafiki yangu nisimpe ufunguo?"

"Hata mama yako mzazi. Unapachika mwenyewe, unatoa mwenyewe, ufunguo uko mfukoni mwako. Na ukishafunga, bonyeza kile kitufe cha kijani cha kuwashia. Mtambo ukikaa kimya, ndiyo uingize mkono. Kufunga bila kujaribu ni kujidanganya."

Mbishi akauliza swali lililomleta. Mtu akiumia kwa sababu mwenzake amewasha umeme, je, aliyeumia ni mzembe?

Mama Mitambo alijua swali lile linatoka nyumba gani. Alisema hajui ya kiwanda cha biskuti, hakuwapo. Anachojua ni kwamba neno uzembe ni rahisi kuandika. Linamaliza barua haraka, na baada yake hakuna anayeuliza makufuli yalikuwa wapi.

Jumatano fomu za mikondo zikatolewa. Biashara, sayansi au ufundi. Mbishi alitia alama kwenye ufundi. Mzazi alipaswa kutia sahihi, na mwisho wa kurudisha ulikuwa Jumatatu. Mashindano yalikuwa Jumamosi, katikati.

Baba alirudi kazini, akala, akapewa fomu. Aliisoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Akaikunja, akairudisha mezani.

"Sitii sahihi," alisema.

Mbishi alikuwa amejiandaa. Alimweleza kuwa mkondo wa ufundi si tope na jasho tu. Una hesabu, una michoro, una umeme, na mwisho wake kuna chuo. Alimweleza kuwa Mama Mitambo anaheshimika. Baba alisema biashara ni nzuri, mtu anakaa ofisini. Mbishi akasema kiti cha ofisini nacho huvunja mgongo. Baba akasema mgongo hupona. Mama, bila kusimamisha cherehani, akasema sindano imeshapita kwenye kidole chake mara mbili, na hakuna aliyemkataza kushona.

"Sindano si rola za kiwandani," Baba alisema.

"Baba, umeniruhusu niende Jumamosi."

"Ule ni mchezo wa kompyuta. Nenda ukacheze. Haya ni maisha."

"Ni kitu kilekile."

"Mbishi."

"Ni kilekile, Baba. Kule nimeona jinsi mtu anavyo..."

Hapo Baba alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akaulaza juu ya meza, karibu na fomu. Vidole vitatu, na mahali pa viwili pakiwa laini na pamekunjamana.

"Bishana na huu," alisema.

Cherehani ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mbishi alikosa neno la kusema.

Siku mbili zilipita hivyo. Fomu ilibaki mezani, na watu wakala kando yake. Mbishi alifikiria kujitoa kwenye timu. Mazoezi yana faida gani kama Jumatatu ataandikishwa biashara? Lakini kila alipofikiria hivyo aliona ile skrini nyekundu, na hasira ikampanda hadi kichwani. Hakuweza kukubali. Akarudi mazoezini. Akatoa makufuli matatu sandukuni, akamgawia kila mtu lake. Kepteni alipolalamika kuhusu muda, Mbishi alimwambia atafute muda huo mahali pengine.

Ijumaa jioni Mama Mitambo alikuja kuchukua gauni lake kwa Mama. Aliiona fomu. Alimgeukia Baba.

"Jirani, kataa. Ni haki yako," alisema. "Ila kataa ukiwa umeona. Njoo kesho chuoni. Ukitoka pale bado unasema hapana, hutanisikia tena."

Jumamosi asubuhi Baba alipiga pasi shati ingawa hakuwa na zamu.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na meza saba, na juu ya kila meza kiwanda kidogo. Wazazi na wanafunzi walikaa kwenye viti vya plastiki. Baba alisimama nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuondoka wakati wowote. Kila meza ilikuwa na simu yenye kipaza sauti, na kisanduku chekundu chenye ufunguo wa akiba unaofungua makufuli yote. Msimamizi wa mashindano alikuwa mhandisi mzee mwenye suruali iliyopandishwa hadi kifuani. Alisema shule zitaendesha zamu moja baada ya nyingine. Timu inayongoja itakaa chumba cha pembeni, isione wala kusikia.

Timu ya Mbishi ilikuwa ya mwisho. Ilipoingia, ukumbi ulikuwa kimya kuliko wanne hao walivyotarajia. Hawakujua kwa nini.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Miwani aliongeza kasi polepole. Mpole alipima maji kila dakika mbili, akakataa chupa tisa zilizojaa pungufu, na hakubembelezeka. Dakika ya kumi na moja chupa zikaanza kulala. Moja ikaanguka, ya pili ikaikanyaga, mkanda ukajaa.

Miwani alibonyeza kitufe chekundu. Kepteni alizima swichi kuu. Makufuli manne yakapachikwa, la kijani, la bluu, jeupe na la njano. La njano lilikuwa la Mbishi. Alibonyeza kitufe cha kijani. Mtambo ukakaa kimya. Ndipo akafungua dirisha, yeye na Mpole wakaingiza mikono, wakatoa chupa sita. Mpole akarudi nyuma, akatoa kufuli lake. Kepteni na Miwani wakatoa yao. Likabaki la njano.

Mbishi alikuwa ameona kitu. Chuma kinachoongoza chupa kilikuwa kimelegea. Skrubu mbili zilikuwa zikicheza. Aliomba bisibisi. Wakati ule simu ikalia, na sauti ikajaa ukumbini.

"Hapa ni Bosi. Kwa nini mkanda umesimama?"

Kepteni alijibu kwa adabu kuwa chupa zilinasa na wanamalizia.

"Chupa zimeshatoka, naziona kwenye skrini yangu. Lori liko langoni na mteja amekasirika. Washa."

Kepteni alimwinamia Mbishi. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Toa kufuli," alinong'ona. "Hiyo skrubu utaikaza baadaye."

"Mkono wangu uko ndani."

"Si uutoe."

"Nikiutoa sasa chupa zitanasa tena kabla hujahesabu kumi."

"Nani huyo anayebishana?" Bosi aliuliza. Wanafunzi wenzao kwenye viti wakajibu kwa pamoja jina lake, na ukumbi ukacheka. Bosi hakucheka. "Msimamizi, una ufunguo wa akiba kwenye kisanduku. Fungua hilo kufuli. Hii ni amri yangu."

Kepteni alitazama kisanduku. Alitazama saa ya ukutani. Mkono wake ukaanza kwenda. Mbishi alikuwa amejikunja, bisibisi mkononi, hawezi kufika. Lakini Mpole alikuwa karibu. Mpole, ambaye muhula mzima hakusikika akisema sentensi mbili mfululizo, aliweka kiganja juu ya kisanduku.

"Usiguse," alisema. "Siku ile aliyekuwa ndani ni mimi."

Kepteni akarudisha mkono. Mbishi akainua kichwa kuelekea kwenye simu.

"Bosi, mimi ndiye fundi. Mtambo huu hauwashwi mpaka nitoke. Nikitoka nitafungua mwenyewe."

"Nitakuandika kwenye faili lako kwamba umegoma."

"Andika nimegoma. Andika na saa. Lakini nikikatwa mkono, usije ukaandika mzembe."

Simu ikakatika. Mbishi alikaza skrubu ya kwanza. Akakaza ya pili. Akajaribu chuma kwa kidole, akafunga dirisha, akaingiza ufunguo wake, akatoa kufuli la njano.

"Washa," aliwaambia Kepteni na Miwani.

Chupa hazikulala tena hadi mwisho wa zamu.

Matokeo yalipotangazwa, mhandisi mzee alikiri kuwa Bosi alikuwa yeye. Alikuwa amepiga simu ileile kwenye meza zote saba. Katika meza tano, mtu alichukua ufunguo wa akiba akafungua kufuli la mwenzake aliyekuwa ndani. Zamu hizo zilikoma palepale, hata ile ya shule iliyokuwa inaongoza kwa chupa. Alieleza kuwa ufunguo wa akiba ni wa siku ambayo mwenye kufuli ameondoka akasahau. Na hata siku hiyo hautumiki mpaka msimamizi amepata uhakika kuwa mwenyewe yuko nje. Hautumiki kwa sababu lori limechelewa. Zilibaki shule mbili. Timu ya Mbishi ilikuwa ya pili, kwa sababu wenzao walimaliza matengenezo mapema na kujaza chupa zaidi.

Mbishi alibisha hata hilo. Alitaka hesabu ya chupa irudiwe. Ikarudiwa. Wakabaki wa pili.

Watu walipoanza kutoka, Baba alikuja mezani. Alipita pembeni ya Mbishi, akasimama mbele ya swichi kuu. Alishika kile kipande cha chuma chenye matundu sita. Alikigeuza huku na huku. Mhandisi akasogea, akamsalimu.

"Sisi tulikuwa watatu," Baba alisema. Hakuwa akimtazama mtu. "Tulikuwa tunasafisha rola za kubana unga. Hapakuwa na kufuli, wala tundu la kufuli. Palikuwa na msimamizi mlangoni, anauliza, tayari? Mwenzangu akajibu, tayari. Na hakusema uongo. Yeye alikuwa tayari."

Mama Mitambo, aliyekuwa nyuma yake, aliinamisha kichwa.

"Waliniletea karatasi hospitalini," Baba aliendelea. "Nilikuwa na maumivu. Nikatia sahihi bila kusoma. Halafu nikaanza kuyasema maneno yao kama yangu. Miaka minane."

Mhandisi alisema amesoma karatasi nyingi za aina hiyo, na kila mara alitaka kujua jambo moja tu, ni nini kiliruhusu umeme kuwaka. Baba aliachia kile chuma. Mkono wake haukurudi mfukoni.

Jumapili aliichukua fomu, akavuta kiti, akamwita Mbishi akae mbele yake. Hakutia sahihi haraka. Alisoma mstari mmoja, akauliza maana yake, akahamia mwingine. Mazoezi ya likizo yatafanyika wapi? Nani atawasimamia? Msichana ana haki ya kukataa kazi ya hatari, au atafukuzwa? Maswali mawili Mbishi hakuyaweza. Baba akamtuma kwa Mama Mitambo akayaulize, naye akangoja, kalamu mkononi. Majibu yalipokuja, alitia sahihi kwa mkono wa kulia, kwa vidole vyake vitatu. Ilimchukua muda. Ilinyooka.

Kisha akaomba karatasi nyingine. Alitaka kuandika barua kwa kiwanda cha biskuti. Mama alizima redio ili amsaidie maneno.

Muhula mpya mkondo wa ufundi ulipata wanafunzi ishirini na wawili, na tisa kati yao walikuwa wasichana. Mwaka uliotangulia wasichana walikuwa wawili tu. Mpole alikuwamo. Kepteni alikwenda biashara, akasema kuna mtu atakayehitajika kuyauza hayo maji.

Likizo ikafika. Wanafunzi walitakiwa kwenda wiki tatu katika kiwanda cha maji alikofanya kazi Mama Mitambo. Siku ya kwanza Baba aliomba ruhusa ghalani, akamsindikiza binti yake. Langoni walikuta wanafunzi wengine na wazazi wao. Mlinzi wa lango alikuwa na orodha. Aliwaambia wanafunzi waingie na wazazi warudi nyumbani.

"Sirudi," Baba alisema. "Na mwanangu haingii. Nataka kwanza nione anakokwenda."

Mlinzi alimwambia hakuna utaratibu huo. Baba alimjibu kuwa yeye pia ni mlinzi, anajua utaratibu huanzaje. Huanza siku mtu anapoulizia. Mama mmoja nyuma yake akasema hata yeye angependa kuona. Baba wa mwanafunzi mwingine akasema yuko pamoja nao. Mlinzi akasimama katikati ya lango, orodha mkononi, hajui aanze na nani. Hatimaye akapiga simu ndani.

Mama Mitambo alitoka akiwa na ovaroli yake na mrundo wa kofia ngumu. Wazazi kumi na mmoja wakavaa. Kofia zilikuwa kubwa, zikawaangukia kwenye nyusi, na watoto wao wakageuka pembeni wasionekane wakicheka. Wazazi waliingia kwa mstari, watoto wakangoja langoni. Walioneshwa mitambo, maabara ya kupimia maji, swichi kuu na ubao wa makufuli. Walioneshwa vyoo na mahali pa kulia chakula. Baba aliuliza maswali mpaka meneja akavua koti. Kwenye mtambo mmoja aliona kifuniko cha kinga kimefungwa kwa kamba badala ya skrubu. Akasimama hapo, akakataa kusogea. Meneja akaita fundi, kifuniko kikafungwa mbele ya macho yao, ndipo msafara ukaendelea. Tangu siku ile kiwanda kiliweka siku ya wazazi kabla ya kila likizo.

Walipotoka, Baba alivua kofia, akamvalisha Mbishi, akamkazia mkanda chini ya kidevu.

"Haya, ingia," alisema. "Jioni utanieleza ulichofanya, hatua kwa hatua. Na kitu usichokielewa, wabishie mpaka wakueleze."